Spika za waifai haziuoni mziki ulioko kwenye NAS

Wakuu habari, naombeni msaada. Nina NAS (kile kifaa chenye diski za kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani) nimejaza mziki wangu wote humo, mwingi FLAC (mafaili ya mziki yasiyopunguzwa ubora) nilizotoa kwenye CD, na spika mbili za waifai, moja sebuleni nyingine chumbani. Kwenye laptopu folda ya mziki inafunguka bila shida ila nikiingia apu ya spika nikaongeza hiyo folda inagoma, inasema imeshindwa kuunganisha, na yuza na paswedi ni zilezile za laptopu. NAS iko kwenye ruta kwa waya. Zamani ilikuwa inapiga fresh tu, nimeapdeti NAS ndo balaa likaanza. Au spika zimeshazeeka?

Fundi Waya: Hiyo apdeti ndo jibu lenyewe mkuu. Spika nyingi za zamani zinajua SMB1 tu, yaani toleo la kizamani la SMB, ile njia ya vifaa kufungua folda za vingine kwenye mtandao, na NAS za siku hizi SMB1 inakuja imezimwa. Laptopu inatumia SMB2 au 3 ndo maana yenyewe haina habari. Nenda mipangilio ya NAS sehemu ya SMB, toleo la chini kabisa lishushe hadi SMB1, zitapiga hapohapo.

bezi_kubwa: Asishushe jamani!! SMB1 ndo mlango waliopitia wale wa WannaCry 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, na nina hakika kwenye hiyo NAS hakuna mziki peke yake, kuna mapicha na makaratasi ya muhimu. Kwanza angalia kama spika zina apdeti, kuna zilizoongezewa SMB2 na 3 baadaye. Zikikosa, achana na SMB, washa seva ya DLNA kwenye NAS, hiyo ni njia nyingine ya kugawa mziki na video kwa vifaa vya nyumbani, karibu zote zinayo, halafu ioneshe folda ya mziki TU maana DLNA haiulizi paswedi, yeyote aliye kwenye waifai yako ataona ulichoweka. Apu ya spika isipokuwa na sehemu ya DLNA jaribu apu ya BubbleUPnP kwenye simu, kama spika inakubali UPnP (mfumo ambao DLNA imejengwa juu yake) basi simu inabaki kuwa rimoti tu, mziki unatoka NAS kwenda spika moja kwa moja.

Fundi Waya: Sijasema aifungulie dunia nzima mkuu, ila sawa, DLNA ni salama zaidi.

Muulizaji: Apdeti hakuna, nimewasha DLNA na sebuleni inapiga!! Ila ya chumbani haioni kitu, na kuna albamu chache hata sebuleni zinarukwa tu, zinaonekana kwenye orodha ila ukibonyeza inaenda wimbo unaofuata.

bezi_kubwa: Ya chumbani nahisi iko kwenye waifai ya wageni. Waifai hiyo ruta inaitenga makusudi, spika inaita seva kwa anwani ya 239.255.255.250 na wito hauvuki kufika kwenye NAS. Ihamishie waifai ileile ya sebuleni. Hizo albamu angalia ubora wa sauti ni wa ngapi, kama ni biti 24 kwa 96 au 192 kHz spika nyingi zinaishia 48 kHz, tengeneza kopi ya 48 uweke folda ya pembeni, orijino usiziguse.

Muulizaji: Kweli ilikuwa ya wageni aisee, inapiga sasa. Albamu zote zinazorukwa ni za 192, kopi nazitengeneza usiku maana ni nyingi. Shukrani wakuu.

Fundi Waya: Wimbo wa kwanza ukichelewa kuanza usishtuke, hiyo ni diski inaamka.