Hajawahi kukanyaga Ziwa Turkana, lakini ametuuzia safari ya kupiga kambi huko

Wadau, nimekaa siku nne nikijizuia nisiandike na hasira. Hasira hazikuisha, basi naandika nazo.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengi wetu wa Kisauni na wawili wa Likoni. Kila kichwa kilitoa shilingi 38,000 kwa bwana mmoja wa hapa Mombasa anayepanga safari. Jina lake silitaji, wifi yangu yuwaniambia nisijitafutie kesi. Ahadi ilikuwa siku nne kando ya ziwa pale Loiyangalani, Land Cruiser mbili kutoka Nairobi, mahema, chakula, na matembezi kila kukicha: leo kisiwa cha kati chenye maziwa matatu ya kreta, kesho Koobi Fora walikochimbua mabaki ya binadamu wa kale, jioni kuogelea. Kuogelea! Ziwa lililojaa mamba, naye katuwekea picha ya watoto wanarukaruka majini.

Twashuka treni Nairobi, twapokewa na matatu. Moja, ya viti 14, mizigo na majiko yamefungwa juu kama tunahama nyumba. Hadi Laisamis ni lami, sina neno. Ile barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa kupitishia mitambo ya umeme wa upepo hadi Sarima, nayo tulivumilia. Ukiiacha Sarima ni mawe meusi ya volkeno, makali kama panga. Gurudumu likapasuka, la akiba likapasuka, tukakaa juani saa sita hadi lori la samaki likatuhurumia.

Sasa nisikilizeni. Pale Sarima pana mapangaboi 365. Mia tatu sitini na tano! Mtu mwenye akili zake angejiuliza wenye mabilioni wamefuata nini jangwani kule. Wamefuata upepo. Mimi mtoto wa pwani, kusi likivuma mwezi wa saba nalijua, lakini ule si kusi. Washuka kutoka mlima Kulal usiku, wanguruma kama lori lililokatika breki. Na bwana yule katupa mahema ya ufukweni, yale ya kumpumzishia mtoto pale Diani, na vigingi vya bati vya kudunga mchangani. Kule ni mwamba, kigingi chaingia wapi? Saa nane za usiku hema moja likaondoka. Wawili waliokuwa ndani walitoka mbio na shuka, hema likaelekea ziwani, na hatujaliona mpaka leo. Tukalala sote garini, tumekaa wima.

Asubuhi tukamtafuta mwenye boti atupeleke kisiwa cha kati. Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wanangu, hicho kiko ng'ambo, watu hukiendea kutoka Kalokol, upande wa Lodwar. Cha huku kwetu ni kile cha kusini." Koobi Fora je? Akatikisa kichwa, akasema kwa matatu ile, kwenda na kurudi siku moja, tuisahau. Yaani huyu bwana kachukua ziwa la karibu kilomita 290, kalikunja kama leso, mashariki na magharibi vikagusana.

Maji ya kunywa, alituambia tusibebe, "ziwa si hilo hapo?" Ziwa lina magadi! Wenyeji ndio waliotuonyesha chemchemi penye mikoma, na Mungu awalipe. Mpishi naye alikuja na unga kilo nne na kabichi. Siku ya tatu twanunua samaki kwa pesa zetu.

Kitu pekee tulichofurahia hakikuwa kwenye ratiba yake. Tulikwenda kijiji cha Waelmolo, tukalipa kiingilio wenyewe, mama mmoja akatuonyesha vibanda vyao na jinsi wanavyomwinda sangara. Na yale maji yakibadilika rangi, kijani, kijivu, kisha kijani tena, wallahi ningerudi hata kesho. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Mahali si pabaya, tumeharibiwa na mtu.

Nilipompigia simu, akaniambia, "Dada, jangwani ni jangwani." Jina lako la malipo kwenye M-Pesa linaonekana, ndugu yangu, na ujumbe wa ahadi zako ninao wote, na picha ninazo. Hukutuleta gari uliloahidi, hukutufikisha kisiwani, hukutulisha. Twataka 25,000 kila mmoja. Kama kuna mwingine hapa aliyeuzwa safari hii na mtu mwenye maneno matamu na kofia ya ukindu, aniandikie pembeni twende naye pamoja.

Jana usiku kajibu hatimaye. Adai shilingi 9,500 za lile hema.