Soba (nyumba ya kuachia unga) ipi itamfaa mdogo wangu? Familia imegawanyika, naombeni ushauri

BintiMakorora aliandika:

Habari zenu wapendwa, samahani uzi utakuwa mrefu kichwa kimejaa. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, anatumia unga (heroini) mwaka wa sita huu, alianza kwa kuvuta kwenye sigara na wenzie saa hii anajidunga. Wiki mbili nyuma usiku nimekaa uani namenya mihogo ya biashara ya asubuhi, akaja akachuchumaa pembeni akaanza na yeye kumenya, hajawahi, nikajua kuna pesa anataka. Kumbe hapana, akasema dada nimechoka nitafutie pa kwenda. Miaka yote ni sisi ndo tunamkimbiza na hizo soba, leo kaomba mwenyewe, naogopa nikichelewa atabadilika.

Sasa shida ni nyumbani. Baba mdogo anataka apelekwe kwa mtu mmoja anasomea vijana dua, huko wanafungwa mnyororo mguuni mpaka arosto iishe, yale maumivu ya kukosa unga. Mama hataki soba za kule Dar na Pwani, kasikia wanasalishwa kikristo anaogopa mtoto atarudi kabadili dini. Mi nimepiga simu sehemu mbili, moja ipo Bagamoyo wanataka laki mbili na nusu kwa mwezi na ni miezi minne, nyingine Unguja bei inakaribiana ila unakuja na kila kitu godoro ndoo sabuni. Niliwauliza wote swali moja, mtu akitaka kuondoka inakuwaje? Mmoja akacheka akasema "hapa hawatokagi dada usijali" ndo nikazidi kujali.

Yeye mwenyewe kasema mambo mawili tu, asipigwe na asifungwe. 2019 tulimpeleka nyumba moja siitaji jina, kovu la kifundo cha mguu analo mpaka leo na ni sisi tulilipa. Na methadoni, ile dawa ya kunywa ya hospitali badala ya unga, hataki, anasema ni kuhama unga kwenda unga. Waliopitia haya, mlichaguaje sehemu inayoendana na nyie? Nianzie wapi?

SafiTangu2017 aliandika:

Pole sana dada. Mi ni teja mstaafu, nimepita soba tatu kabla sijakaa sawa, kwahiyo nakupa ya ukweli sio ya kwenye bango, maana bango la upendo na matumaini kila nyumba inalo hata ile niliyoruka ukuta.

Nianze na la mama. Soba nyingi huku kwetu zinafata hatua 12, zile za NA, kundi la mateja wanaosaidiana kuacha, ambazo zilitokana na AA ya walevi wa pombe iliyoanza Marekani 1935. Asili yake ni watu wa kikristo kweli siwezi kumficha, ila kwenye hatua yenyewe imeandikwa Mungu kama tulivyomwelewa sisi, haisemi Mungu wa nani. Nyumba niliyopona mwenye nyumba alikuwa mlokole kabisa, lakini alfajiri tunaamshana wenyewe tunaswali kibarazani, Ramadhani jiko linawashwa saa tisa usiku na aliekuwa anapika daku kwa hiari yake ni jamaa mmoja anaitwa jina la kikristo la kutupwa. Hao wa soba nyingine niliyopita sasa, wao walikuwa waislamu wenzangu na ndo walionimwagia maji saa nane usiku eti nidhamu. Kwahiyo dini ya mwenye nyumba haikuambii mtoto atalala vipi. Mwambie mama aulize hivi, saa ya swala ratiba inasimama au haisimami? Asiyetaka kushika mikono wakati wa dua ya utulivu anafanywaje? Wakijibu kwa hasira mmeshajua.

Halafu nenda mwenyewe, siku ya kawaida, usitoe taarifa, fika saa sita mchana. Jumapili ya wageni kila mtu kavaa shati safi hutaona kitu. Saa sita utaona wanakula nini, nani anaosha masufuria, na muhimu zaidi angalia funguo ya geti inakaa wapi. Kule nilikopona funguo ilining'inia kwenye msumari jikoni, kila mtu anaiona. Ukitaka kuondoka unakaa na mshauri wako, anapigiwa simu nduguyo, ukishikilia msimamo unafunguliwa. Mimi niliiomba funguo siku ya 11. Nikafika mpaka getini nimebeba mfuko wangu wa rambo, nikasimama pale kama nusu saa, nikarudi kula maharage. Ningekuwa nimefungwa ningekimbia tu, nawajua mateja na najijua mimi.

Na muulize huyo kijana mbele yako unataka nini, umwandikie. Asipigwe asifungwe, hapo ndo pa kuanzia, hayo ya familia yatafata nyuma.

mzee_chumbageni aliandika:

Mnawadekeza sana hawa. Teja ni muongo, leo kachoka kesho anauza flati skrini ya mama yake. Kifungo cha wiki moja hakijaua mtu, arosto ikiisha atawashukuru. Baba mdogo yuko sahihi.

Nesi_wa_Zamu aliandika:

Mzee shikamoo lakini hapo kwenye kutoua nakataa. Nipo kliniki ya methadoni mkoa siutaji. Arosto ya unga inaanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, ndani ya wiki mwili unatulia ingawa usingizi na mawazo vinachukua muda. Yenyewe haiui mara nyingi. Ila mtu anaharisha na kutapika kutwa kafungwa kwenye nguzo, hakuna anaempa maji wala ORS, huyo anaweza kufa kabisa. Na kama anachanganya na pombe kali au Valium ndo hatari zaidi maana hizo ukikata ghafla mtu anadondoka degedege, huyo ni hospitali kwanza soba baadae. BintiMakorora muulize vizuri anachanganya nini, na umuulize mkiwa wawili.

Kuhusu methadoni niseme tu nilichonacho, maana hii ya "kuhama unga kwenda unga" naisikia kila siku dirishani. Unga unakaa mwilini masaa machache ndo maana anatafuta kete mara tatu nne kwa siku, na hizo katikati ndo za kuiba. Methadoni inakaa zaidi ya masaa 24, anakuja asubuhi anakunywa mbele yetu anaenda kazini. Ilianza Muhimbili Februari 2011 na ni bure, Tanga kwenu ipo hospitali ya Bombo hata nauli ya Bagamoyo hamhitaji. Nina wateja wangu mafundi, nina dereva wa bajaji, nina baba anapeleka watoto shule ndo anapitia. Lakini kama yeye hataki hataki, simlazimishi mtu. Ujue tu kwamba soba nyingi hazipokei mtu wa methadoni, kwahiyo huu ni uamuzi wa kufanya kabla ya kulipa, na ni wa kwake. Muulize tu je hataki baada ya kuelezwa au hataki kwa sababu ya maneno ya kijiweni?

Vitu viwili vya mwisho. Amejidunga, apime HIV, homa ya ini na TB kabla hajaingia, na uulize hiyo soba dawa za mtu zinatunzwa na nani na anazipata saa ngapi, kuna sehemu wanakunyang'anya dawa zote eti hapa hatutumii kemikali, jamani ARV?? Na akitoka baada ya miezi minne mwili umesahau unga, akirudi kwenye kipimo chake cha zamani siku moja tu anaondoka, tumewazika wengi hivyo. Kwahiyo swali lako la mtu akitaka kuondoka inakuwaje ni zuri, ongeza na hili, akishatoka mnamfatilia vipi. 119 ni namba ya bure ya Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, piga uulize hizo nyumba mbili kama wanazitambua.

MamaKisauni aliandika:

Pole mamangu, mimi niko Mombasa na nimesoma nikalia. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka kituo cha dini kabisa, niliuliza mambo yote, wanaswali jamaa, wanasoma Qurani, chakula halali, wanaume mbali wanawake mbali, nikarudi nyumbani roho baridi. Siku ya tisa akatoroka. Nikamuuliza kwa nini akaniambia mama mle ndani nilikuwa naigiza, mimi sijaswali tangu niko kidato cha pili na wewe wajua. Na kweli nilikuwa najua! Nilimchagulia pahali pangu mimi, mimi ndiye niliyefaa kulazwa mle.

Mara ya pili akachagua mwenyewe, kituo cha mseto wa dini zote, nikanyamaza. Sasa kinyume cha mambo, ni humo ndimo alianza tena kuswali, lakini kwa wakati wake. Na kwa wanaotaka hatua 12 kwa njia ya kiislamu zipo, kuna Millati Islami walizianzisha Baltimore kule Marekani 1989, hatua ni zile zile ila wamezipanga kwa misingi ya dini yetu. Mshauri wa mwanangu alimchapia karatasi zake akawa anasoma usiku. Muulize huyo wa Bagamoyo kama ana taabu na hilo, akikubali bila maneno mengi ni mtu wa kuaminika.

Huku Kenya twaangalia kituo kiwe na kibali cha NACADA, mamlaka yetu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na 1192 ndiyo namba yao. Na msinung'unike kuhusu pesa mbele ya kijana, anahesabu kila shilingi kwa aibu.

mzee_chumbageni aliandika:

Haya nimewasikia. Mwanangu alikuwa hivyo hivyo sikufanikiwa ndo maana naongea kwa hasira. Mungu amponye.

BintiMakorora aliandika:

Mzee wangu pole sana, sikujua.

Wapendwa nawaletea mrejesho. Nilifanya kama mlivyosema, niliwapigia 119, ya Bagamoyo wanaijua. Jumanne tukapanda basi la alfajiri mimi na yeye, tukashuka Msata tukachukua gari ya Bagamoyo, asubuhi yake alipita kijiweni sikumuuliza kapata wapi. Tukafika saa saba kasoro bila taarifa. Walikuwa wanakula ugali na dagaa, mwenye nyumba kakaa chini na wenzie sahani moja, hakushtuka. Nikatafuta funguo kwa macho sikuiona, nikamuuliza, akacheka akaingiza mkono mfukoni akasema ninayo mimi kwa sababu wiki iliyopita iliibiwa wakaenda kuuza taa za nje. Sijui niseme nini hapo, angalau hakunidanganya. Akasema wiki ya kwanza geti halifunguliwi, baada ya hapo anayetaka kutoka anakaa kikao na nduguye awepo. Kupigana ni marufuku, kabandika ukutani na adhabu zenyewe ni kuosha vyoo na kukosa simu. Swala wanasimama. Karatasi za Millati Islami alikuwa hazijui akasema niletee na mimi nizisome.

Mdogo wangu hakuongea kitu, alikaa na kijana mmoja wa Kigamboni chini ya muarobaini kama saa zima. Tulipotoka nikamwambia Bombo ipo pia na ni bure, nikamweleza yote ya nesi. Akasema nijaribu hapa kwanza, nikishindwa nipeleke Bombo sitabisha. Tumepima HIV hana, homa ya ini majibu bado, TB hana. Anaingia Jumamosi. Baba mdogo kanuna ila katoa elfu hamsini.

Swali la mwisho, kumuona mara ya kwanza ni baada ya siku 30 na chakula cha nje hawaruhusu, sasa niende na nini?

SafiTangu2017 aliandika:

Ndala mbili, moja itaibiwa. Boksa, mswaki, daftari na kalamu ya wino, na picha ya familia ya karatasi sio ya simu. Na nenda na mama, hata kama atalia.