Kwenda Kigoma kwa treni ya kulala na mtoto wa mwaka na miezi tisa, nitaweza peke yangu?

MamaZai

Habari zenu wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Mwezi wa sita nataka kumpeleka binti yangu Kigoma kwa bibi yake, mama mkwe wangu yuko Ujiji na mjukuu anamuona kwenye simu tu, magoti yanamsumbua hawezi tena safari ya kuja Dar. Mtoto atakuwa na mwaka na miezi tisa, anatembea, tena siku hizi anakimbia, kukaa sehemu moja hataki. Mwaka jana nilienda nae Singida kwa basi nikampakata njia nzima, nashuka miguu imevimba viatu haviingii, na yeye alianza kulia Gairo mpaka tunafika. Kwahiyo basi la mpaka Kigoma kwa kweli hapana, na hela ya ndege hatuna.

Nawaza treni ya reli ya kati, ile ya kulala. Sijawahi kupanda hata siku moja. Baba yake hajapata ruhusa kazini, nitakuwa mimi na mtoto basi. Naogopa vitu vitatu, kwanza kitanda, asije akaanguka usiku, pili chakula chake, tatu kulala chumba kimoja na watu nisiowajua. Halafu kuna mtu kaniambia nipande SGR mpaka Dodoma ndio niunganishe pale treni ya Kigoma, eti nitaokoa muda. Mliowahi kusafiri na watoto wadogo naombeni mnisaidie, ya kweli na sio ya kunitia moyo tu.

Mwana_Ujiji

Dada pole na hongera kwa kutaka kumpeleka mtoto nyumbani. Hiyo njia nimeipita toka nabebwa mgongoni, ngoja nikwambie.

La SGR achana nalo kwa safari hii. Ni treni nzuri sana, toka ianze kwenda Dodoma 2024 hata mimi naipanda, ila ni viti, vitanda hamna, na ukishuka Dodoma una mtoto, begi, ndoo ya zawadi za mkwe, utafute usafiri mpaka stesheni ya zamani ukasubiri treni nyingine ambayo mtoto kashachoka kabla hujaipanda. Panda Dar ile ile ya kwenda moja kwa moja, tandika, mtoto aone hapa ndio kwetu mpaka tufike.

Ila ujue unachopanda. Reli hii ilifika Kigoma 1914 enzi za Mjerumani, upana wake ni mita moja wakati ya SGR ni milimita 1,435, kwahiyo behewa linayumba na halikimbii, na ni zaidi ya kilometa 1,200. Usiwape watu Kigoma saa kamili ya kuja kukupokea, waambie utapiga simu ukifika Uvinza. Kwa mtoto ule mwendo wa pole sio mbaya hata kidogo, unabembeleza.

Daraja la pili kulala chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake wanakaa chumba chao wanaume chao, so hutalala na wanaume usiowajua. Daraja la kwanza ni vitanda viwili. Mimi kwa mama na mtoto nashauri daraja la pili, sio kwa bei tu, ni kwasababu ya wale mama wengine. Ukienda chooni nani atakushikia mtoto? Mkiwa sita, yupo. Ukikata tiketi sema pale pale dirishani nina mtoto mdogo nataka kitanda cha CHINI. Cha chini, usikubali cha kati.

Na Tabora uwe makini. Pale treni inakaa, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanabaki, kichwa kinarudi kufunga, na kinapogusa behewa linapigwa kishindo kwenda mbele au nyuma bila taarifa. Mtu mzima mwenyewe anayumba. Mtoto akiwa amesimama kwenye korido anakwenda chini na uso. Mkifika Tabora mpakate mpaka muanze kuondoka.

mlima_sekenke

Basi unaingia siku ya pili yake na safari imeisha. Treni ni kujitesa, mtoto atachoka.

Mwana_Ujiji

Kaka mtoto hachoki kwasababu ya masaa mengi, anachoka kwa kufungwa. Kwenye basi dada atampakata masaa yote hayo, kwenye treni mtoto analala kanyooka, anaamka anatembea korido, anachungulia dirishani anaona mbuzi. Hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

BiMkubwa_Kaliua

Marahaba mwanangu MamaZai. Mimi nimelea watoto wanne na wote nimewapitisha hiyo reli, Kaliua kwenda Dar kurudi. Hilo la kuanguka usilichukulie kidogo maana mimi limenikuta. Wangu wa tatu nilimlaza upande wa nje mimi nikakaa ukutani, nikasinzia, treni ikafunga breki usiku akadondoka. Alipasuka hapa juu ya jicho, kovu analo mpaka leo na ni mtu mzima ana watoto wake. Nilikaa nimembana na kitambaa mpaka kunakucha, na damu ya mtoto kwenye kanga haitoki moyoni hata ukiifua.

Kwahiyo nisikilize. Mtoto analala UKUTANI, wewe nje. Halafu chukua kanga moja nzito, au kitenge, upande mmoja wa urefu uingize chini ya godoro lako uende ndani kabisa mpaka uulalie kwa uzito wako mwenyewe. Upande wa pili upandishe juu, zile pembe mbili uzifunge kwenye minyororo ya kitanda cha kati, huku moja huku moja. Inakuwa kama ukuta wa kitambaa. Vuta kwa mkono uone kama imekaza. Hapo hata ukisinzia mtoto akikupanda juu anakutana na kanga, na tena inamzibia mwanga wa taa na watu wanaopita. Na mchana mkikunja kile kitanda cha kati unafungua, usiku unafunga tena.

Dirisha usiku fungeni, hasa stesheni. Usiweke begi karibu na dirisha, simu wala pochi usiache mezani pale kwenye kidirisha. Watu wanaopanda kuuza ni wengi na sio wote wanauza. Na chukua sweta na soksi za mtoto, tena za sufu, maana mtu anatoka Dar na joto lake anadhani ni hivyo njia nzima. Mwezi wa sita ukipita Manyoni, Itigi, usiku kule ni baridi ya kugonga meno.

Wale mama wa chumbani wasalimie mapema, toa hata chungwa. Kabla hamjafika Morogoro watakuwa wanamuita mjukuu.

nesi_wa_zamu

MamaZai habari, mimi nipo wodi ya watoto, niongezee kwenye chakula maana ndio inayoleta watoto kwetu baada ya safari.

Uji kwenye chupa ya chai naomba USIBEBE wa siku nzima. Najua wengi tunafanya hivyo. Uji ukiingia wa moto unaanza kupoa, ukifika ule uvuguvugu ndio bakteria wanapopenda, jioni unamfungulia mtoto hauna hata harufu mbaya lakini umeshaharibika. Uji wa kutoka nyumbani mnywesheni mkiwa mmekaa saa mbili tatu za mwanzo, unaobaki mwaga. Chupa ya chai ibebe MAJI YA MOTO tu, humo utachanganya maziwa ya unga kidogo kidogo anachomaliza hapo hapo. Maziwa ya pakti chukua zile ndogo, ukifungua iishe. Kama bado ananyonya basi dada umeshamaliza nusu ya kazi, usimwachishe kabla ya safari hii, mwachishe mkirudi.

Vitu vya kubeba visivyoharibika haraka: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vya siku ya kwanza, chapati kavu, mayai ya kuchemsha yenye maganda yaliwe siku hiyo hiyo, parachichi gumu liive njiani. Kwenye behewa la chakula wanapika wali na kuku, agiza kimoja umlishe wali wa moto, ule unaofuka moshi ndio salama. Vya dirishani chagua vinavyomenywa au vinavyotoka kwenye moto mbele yako.

Karanga HAPANA. Stesheni zote watakuletea karanga kwenye vikoni vya karatasi na mtu wa chumbani kwa upendo tu atampa mtoto. Chini ya miaka minne hivi karanga nzima inaweza kuingia njia ya hewa, na treni ikiwa katikati ya pori hospitali ipo wapi. Waambie wenzako chumbani mapema.

Dawa: pakiti mbili tatu za ORS na chupa ya lita moja iliyo safi kabisa, pakiti moja kwa maji kiasi kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji. Paracetamol ya maji ya mtoto, na kabla hujaondoka mpime uzito kliniki uulize dozi yake waandike kwenye kadi. Kipimajoto. Akiharisha mpe ORS kila akienda, mpe na kunyonya au kula kama kawaida. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, au analegea haamki vizuri, usisubiri Kigoma, mwambie mhudumu wa behewa, mshuke stesheni kubwa inayofuata. Dodoma na Tabora kuna hospitali za mkoa.

Na chandarua, hata kile kidogo cha mwamvuli. Madirisha yanafunguliwa jioni na Kigoma yenyewe malaria ipo.

pwani_mtulivu

Mimi niko Mombasa, huku kwetu hii raha tulishaipoteza. Ile treni ya zamani ya usiku Nairobi Mombasa ilikuwa na vitanda, unapanda jioni, kengele ya chakula inapita korido, watoto wanalala, asubuhi unaamka uko Pwani. Tangu SGR ianze 2017 ni masaa matano na viti, haraka sawa, lakini watoto wangu wa mwisho hawajui kulala kwenye treni ni nini. Mpeleke mtoto mama. Nilikuwa na mapacha wa miaka miwili na jambo moja tu nililojutia ni kubeba begi kubwa moja. Beba mawili, kubwa lisukumwe chini ya kitanda lisiguswe, dogo liwe na pampasi, nguo mbili, tishu za maji, kikombe. Usiku gizani hutaki kupekua begi kubwa.

MamaZai

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na nimeandika kwenye daftari. Bi Mkubwa pole sana kwa lile la mtoto, nimelia. Swali la mwisho, choo. Ameanza kukaa kwenye poti nyumbani, nimrudishe pampasi?

BiMkubwa_Kaliua

Mrudishe mwanangu, siku mbili hazimharibu. Choo ni cha kuchuchumaa na behewa linayumba, utamshikaje. Beba na poti yake kama inaingia, mkalishe chumbani, mtandikie mfuko ndani, unafunga unatupa panapostahili. Na wewe mwenyewe nenda treni ikiwa inatembea, ikisimama stesheni choo hakitumiki. Vaa kandambili za kufungwa nyuma.

MamaZai

Wapendwa nimerudi kuwapa mrejesho, tuko Ujiji toka juzi. Nilipata kitanda cha chini daraja la pili. Chumbani tulikuwa mama watano na bibi mmoja wa Nguruka, na Zai alilala usiku wa kwanza kwenye kanga ya Bi Mkubwa kama yupo kwenye bembea, nilikuwa navuta kila nikiamka kuangalia kama imekaza na imekaza. Usiku mmoja kweli breki zilikamata, nikamsikia amekuja akagonga kwenye kitambaa akarudi ukutani, hata hakuamka. Nilikaa macho muda mrefu baada ya hapo nimemshika mguu.

Saranda tulinunua kuku wa kienyeji wa moto dirishani, mtoto alikula paja lote na mikono ikawa mafuta matupu akapangusia shuka la bibi wa Nguruka, bibi akasema acha, nitafua. Tabora nilimpakata kama nilivyoambiwa, kishindo kilikuja mara mbili, na mtoto wa chumba cha jirani alianguka koridoni ila hakuumia. Karanga aliletewa mara tatu, mara tatu nilikataa kwa adabu. Baridi ya Itigi sikuamini. Homa alipata kidogo karibu na Kaliua, nikapima 38 na pointi, nikampa dawa dozi ya kwenye kadi, akanyonya akalala, asubuhi mzima. Malagarasi aliona mto akasema maji, maji, mpaka daraja likapita.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti la stesheni, hakutaka kusubiri nyumbani. Zai alimkataa dakika kama kumi hivi halafu akaenda mwenyewe.

Sasa mama mkwe anataka nirudi Dar na samaki, migebuka ya kukausha na dagaa, nusu gunia. Nafungaje isinukie watu chumbani?

Mwana_Ujiji

Alhamdulillah. Kwanza ianike tena jua kali siku mbili iwe kavu ya kuvunjika, kinachonuka ni unyevu. Zungushia magazeti, halafu kiroba, halafu kiroba tena, shona mdomo. Ikizidi mzigo ipeleke behewa la mizigo na risiti yako, usilale nayo chini ya kitanda. Na bibi wa Nguruka kama ulichukua namba yake mpigie mkikaribia kupita pale.