Naulizwa jaji wa rufani abaki au aondoke, na hakuna aliyeniambia ni nani. Huu ni utani gani?

Wakuu, kaeni mkao wa kusoma, leo nina povu.

Niko Des Moines, jimbo la Iowa, mwaka wa tisa sasa. Uchaguzi wa Novemba 2024 ndio ulikuwa wa kwanza mimi kupiga kura tangu nipate uraia wa Marekani. Nikaomba ruhusa kazini, nikapiga pasi shati, nikaenda kituoni, ukumbi wa kanisa fulani. Upande wa mbele wa karatasi haukunisumbua, rais na wabunge nilishaamua zamani, na sisemi nani maana nawajua, mtauhamisha uzi. Nikageuza karatasi.

Nyuma kuna majaji. Foleni ya majina! Juu jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, chini yake wa Mahakama ya Rufani, chini yao wa ngazi ya wilaya. Kila jina lina viduara viwili, NDIYO na HAPANA. Abaki kazini au aondoke. Basi. Mpinzani hakuna, chama hakuna, picha hakuna, hata sentensi moja kwamba huyu kaamua kesi gani hakuna. Nikamfuata bibi mmoja msimamizi, kavaa sweta lenye picha za maboga, nikamuuliza hawa ni akina nani. Akanijibu kwa upole kwamba haruhusiwi kunieleza, ila nikitaka naweza kuacha wazi. Simu nilikuwa nimeiacha kwenye gari inachaji. Nikaacha wazi.

Jioni mama watoto kanicheka. Yeye kajaza NDIYO kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayepanda mahindi, hakusoma hata jina moja. Jirani yetu, mzee mmoja mzungu, mstaarabu tu, kaniambia yeye miaka yote anawapiga HAPANA wote, wasizoee kiti. Kwa hiyo kura ya mke wangu na ya mzee zimeuana, na yangu haipo. Halafu mtu anasimama kwenye TV anasema mahakama zinawajibika kwa wananchi.

Kwa ambao hamko huku: Iowa jaji wa rufani hagombei. Gavana anamteua kutoka kwenye majina yaliyochujwa na tume. Tume yenyewe ina watu 17, na tangu sheria ibadilishwe 2019 gavana anaweka 9, mawakili wanachagua 8. Akishateuliwa anakaa mwaka mmoja na ushee, halafu anakuja kwetu kwenye karatasi, abaki au asibaki. Akibaki, rufani miaka 6, Mahakama ya Juu miaka 8. Ndivyo ilivyo tangu 1962, na Missouri walitangulia na mtindo huu 1940. Kwetu Tanzania Rais anateua, jaji anaapishwa Ikulu, tunaona kwenye taarifa ya habari, kwisha, mwananchi haulizwi. Nilivyofika huku nikasema hawa wametuzidi, wananchi wanaulizwa. Kumbe kuulizwa ni kitu kimoja na kuambiwa unachoulizwa ni kingine.

Sasa sikilizeni kilichotokea 2010, maana hapo ndipo damu inanichemka.

Aprili 2009 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kesi ya Varnum, ikaruhusu ndoa za jinsia moja. Majaji walikuwa saba, wote saba wakakubaliana. Tuacheni ubishi wa ndoa zenyewe, wengi wenu najua msimamo wenu, na mimi wangu ninao. Mwaka uliofuata kura ya kuwabakiza ikafika, na kwa kalenda tu, watatu kati ya saba ndio ilikuwa zamu yao: Jaji Mkuu Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker. Bob Vander Plaats, ambaye Juni hiyo hiyo alikuwa ameangushwa kwenye kura za maoni za Republican za ugavana, akaongoza kampeni ya kuwang'oa. Likazunguka basi mji kwa mji, pesa zikamiminika kutoka nje ya jimbo. Majaji wenyewe wakakataa kufanya kampeni, wakasema jaji hachangishi pesa. Wakaangushwa wote watatu, HAPANA ikapata kama asilimia 54. Haikuwahi kumtokea jaji wa Mahakama ya Juu ya Iowa tangu utaratibu uanze.

Na aliyeiandika ile hukumu kwa mkono wake? Ni Mark Cady. Zamu yake haikuwa 2010. Wenzake wamefukuzwa kwa hukumu yake, yeye 2011 kawa Jaji Mkuu. Kura yake ikafika 2016, akabakizwa bila shida, akafia kazini 2019. Hukumu moja, sahihi saba, watatu wamefukuzwa kwa sababu ya mwaka ulioandikwa kwenye barua zao za uteuzi. Hii ni kura au ni karata tatu?

Hao angalau walijulikana majina. Majaji wa rufani ndio kabisa, hakuna anayewatazama. Ni tisa, wanakaa watatu watatu, na rufaa za kawaida nyingi za jimbo hili zinaishia mezani kwao. Talaka, watoto, wizi, fidia ya aliyekatika kidole kiwandani. Basi la kampeni halizunguki kwa ajili ya kidole.

Nina sababu ya kulisema hili. Shemeji yangu alikuwa na kesi ya kulea mtoto wake baada ya ndoa kuvunjika. Kashindwa chini, akakata rufaa, akashindwa mbili kwa moja. Usiku ule wa kura nikaitafuta bahasha yake iliyokuwa juu ya kabati letu, nikaifungua. Kurasa za mwisho kuna jaji mmoja kawapinga wenzake. Kaandika kwamba kazi ya zamu za usiku si sababu ya kumwona baba hafai, na kwamba mtoto mwenyewe alisema anataka kukaa wapi na hakusikilizwa. Nikalitazama jina. Nilikuwa nimeliona mchana, nyuma ya karatasi, lina viduara viwili vitupu.

Nilikaa pale jikoni mpaka chai ikapoa.

Mtu anayemjua yule jaji kwa kazi yake ni mimi, na ndiye niliyeacha wazi. Mzee wa jirani hamjui kabisa, naye kampiga HAPANA.

Na msiniambie haiwezekani kutueleza. Colorado kuna tume inawapima majaji, na tathmini inaingia kwenye kitabu kinachotumwa kwa posta nyumbani kwa wapiga kura kabla ya uchaguzi. Alaska vivyo hivyo, baraza linawachunguza na ripoti inachapishwa kwenye kijitabu cha uchaguzi. Sisi Iowa tuna nini? Chama cha mawakili kinawauliza mawakili, wanatoa alama, inawekwa mtandaoni, ukijua pa kuitafuta. Yaani mimi mwenye kura nisubiri maoni ya wakili ambaye kesho anasimama mbele ya jaji huyo huyo.

EDIT: Mdau hapo chini anasema ni uvivu wangu, ningesoma kabla. Mkuu, sawa, nimekubali nusu. Lakini tangazo la mgombea ubunge lilinifuata mpaka kwenye video za mpira wa mwanangu. La jaji hata moja sijaliona, si kwa heri si kwa shari.

EDIT 2: Anayeuliza kama sasa nataka majaji wafanye kampeni, hapana. Nataka karatasi moja kwa kila jaji: kesi alizoandika, alizopinga, zilizotenguliwa juu. Karatasi moja tu, ije na posta.

EDIT 3: Yule jaji alibaki. Shemeji kaniuliza anarudi lini kwenye kura ili safari hii tumpe zetu. Nikapiga hesabu, 2030. Mtoto atakuwa na miaka 17.