Zukini kwenye ndoo, Mombasa: vitunda vinageuka njano na kuoza. Naomba ushauri

BintiMajengo
Assalamu alaykum na hamjambo nyote. Naomba msaada kwa waliozoea kulima kwenye vyombo hapa mjini.

Nakaa Majengo, ghorofa ya juu kabisa, na mwenye nyumba ameturuhusu kutumia dari ya saruji. Kabla ya hapa sijapanda kitu zaidi ya mrihani. Zukini, mboga ya jamii ya maboga, nimeichagua kwa ajili ya mama. Ana sukari, daktari amemtaka apunguze wali aongeze mboga, na katika mboga zote hii ndiyo aliyoipenda. Supamaketi wanaiandika kojeti na bei yake si ya kununua kila siku.

Nimetumia ndoo za mafuta ya kupikia za lita 20, nimezitoboa kitakoni, mche mmoja kila ndoo. Udongo nimenunua kwa wauza miche wa kando ya barabara nikachanganya na samadi ya mbuzi. Majani yamekuja mapana, yanapendeza. Maua pia yapo, ila mengi yakifunguka asubuhi, kesho yake yako chini. Yale yenye kitunda nyuma, kitunda hufika kama kidole gumba, kikaanza njano nchani, kikalegea, kikaoza. Kingo za majani nazo zimekauka kama zilizopitiwa na moto.

Maji ya bomba huja kwa zamu, mnajua wenyewe. Yakikosekana nachota ya kisima cha jumba. Dukani nilikonunua mbegu nimeambiwa niongeze mbolea ya kukuzia. Niongeze?

KakaTudor
La, dada. Mbolea ya kukuzia ni naitrojeni, na naitrojeni ni majani, ambayo unayo tayari. Ukizidisha, mmea utanawiri na kuchelewa kuzaa, na wadudu vidukari wanapenda majani laini ya namna hiyo. Weka mfuko kando kwanza, tujue maua yana nini.

MamaMrihani
Mwanangu, Mungu akujalie kwa kumlimia mama. Nianze na maua, maana sehemu kubwa ya wasiwasi wako hapo si ugonjwa.

Mzukini mmoja hubeba maua ya aina mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, nyuma yake hakuna kitu. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake hata kabla halijafunguka. Madume hutangulia, na kwenye joto la kaskazi kama hili hutoka mengi kuliko majike. Hayo yakianguka usihuzunike, kazi yake imekwisha. Tena yanalika: chovya kwenye rojo la unga wa dengu ukaange kama bajia.

Kitunda kinachosinyaa chote kikiwa bado kidole gumba, mara nyingi ni ua jike ambalo halikupata chavua, yaani unga wa ua dume. Juu ya dari katikati ya mji nyuki ni wachache, basi kazi yao utaifanya wewe. Ua la zukini hufunguka alfajiri, jua likishapanda linajifunga, kwa hiyo ukimaliza kuswali panda juu moja kwa moja. Chuma ua dume lililofunguka siku ile ile, litoe petali, utabaki na kijiti cha njano chenye unga. Kipake katikati ya ua jike, ukizungusha taratibu mpaka pembe zote za ndani zimepata. Ukipaka upande mmoja tu, tunda hutoka limepinda au jembamba nchani. Dume moja latosha majike mawili hata matatu.

Na mrihani wako usiukate vichwa. Uache uchanue karibu na ndoo, nyuki wanaufuata sana.

MzeeWaLikoni
Aliyosema Mama ni kweli tupu, lakini mimi jicho langu limebaki kwenye kingo zilizoungua. Hapo nashuku maji ya kisima.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na bahari imekizunguka, ndiyo maana visima vingi vya mjini vina chumvi. Binadamu huyazoea maji hayo, zukini haiyazoei. Shambani mvua ikinyesha huisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Ndani ya ndoo haina pa kwenda. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine, mpaka mzizi unashindwa kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Tazama juu ya udongo na kwenye matundu ya chini. Ukiona utando mweupe, jibu umelipata.

Siku ya bomba, mwagilia kila ndoo maji matamu polepole mpaka yatoke chini kwa wingi. Subiri kidogo, rudia. Huko ni kuuosha udongo. Ndoo isikae ndani ya sahani, itayanywa tena yale yale yaliyotoka. Baada ya hapo maji ya kisima yawe ya kudekia.

Sasa utauliza maji matamu utayatoa wapi siku za ukame. Angalia viyoyozi vya jumba lenu. Yale matone yanayodondoka kwenye mpira wa nyuma ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi, na kwa hewa nzito ya pwani yetu hutoka mengi. Watu wanayaacha yakimwagika barabarani na mimi huniuma kuyaona. Tega mtungi. Masika yakianza, weka pipa chini ya mlizamu.

Na kwa kuwa wengi hapa hufunika udongo kwa makumbi ya nazi au usumba wake: ni jambo jema, unyevu hukaa. Lakini uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni ili yatolewe usumba wa kamba yamejaa chumvi. Yaloweke na kuyakamua kwa maji matamu mara kadhaa kabla hujayatumia.

FundiKisauni
Lita 20 ni kidogo kwa mmea huu. Utazaa, ila kwa joto la Februari utalazimika kumwagilia asubuhi na jioni. Lita 40 ndiyo nafasi yake. Wengine hukata pipa la lita 200 katikati, kila kipande wakaweka miche miwili, lakini zungumza na mwenye nyumba kwanza: nusu pipa ya udongo uliolowa hupita kilo 100. Iweke mahali ambapo chini ya dari pana ukuta au nguzo ya kuibeba, si katikati ya dari.

Ndoo nyeusi ivalishe gunia jeupe au ipake chokaa, la sivyo mizizi inapikika. Iinue juu ya vipande vya mbao isigusane na saruji. Saa saba mchana majani yote yatalala, usikimbilie maji. Chomeka kidole udongoni. Kukiwa na unyevu na majani yakainuka jioni, mmea ni mzima. Yakiwa bado yamelala alfajiri, hapo kuna jambo.

SubiraBamburi
Mimi nilifundishwa kwamba kuoza nchani ni ukosefu wa madini ya kalisi. Dada asage maganda ya mayai aweke kila ndoo.

MzeeWaLikoni
Bi Subira, kalisi ni kweli inahusika, lakini hiyo ina sura yake: tunda limeshakuwa, nchani panaingia ndani na kuwa peusi. Kitunda kinachosinyaa kikiwa kidogo ni cha kukosa chavua. Tena kalisi husafiri na maji. Ndoo ikikauka leo na kufurika kesho, au ikiwa na chumvi, udongo unaweza kuwa na kalisi tele na tunda lisiipate. Ganda la yai nalo huchukua miezi mingi kuoza, na zukini huanza kuzaa baada ya siku 50 hivi tangu mbegu. Maganda yaende kwenye mboji. Ndoo ipate maji kwa utaratibu, kila siku.

BintiMajengo
Shukran sana. Utando mweupe upo, tena mzito. Mwenye duka la chini amekubali nitege mtungi kwenye kiyoyozi chake. Leo alfajiri majike yalikuwa wazi, nimeyapaka.

Nina mawili mengine. Kuna weupe juu ya majani, huo nao ni chumvi? Na jirani ananishauri ning'oe yote nipande upya mbele, ati huu si msimu.

KakaTudor
Pangusa jani kwa kidole. Weupe ukitoka kama unga, ni ubwiriunga, ukungu unaopenda sana jamii ya maboga. Usipotoka, na umefuata mishipa ya jani, hayo ni mabaka ya asili ya zukini, yaache. Ikiwa ni ubwiriunga, kata majani yaliyozidiwa, kisha changanya maziwa kipimo kimoja na maji vipimo tisa, nyunyiza asubuhi jua likiwepo, rudia kila wiki. Ndoo zipe nafasi hewa ipite katikati.

MamaMrihani
Usiing'oe. Mmea wenye maua majike bado una kitu cha kukupa. Ila jirani hajakosea kuhusu msimu: mbegu za awamu nyingine zitie Juni, mvua kubwa za Mei zikishapungua. Wakati wa kusi joto hushuka na majike huongezeka. Dukani taja kwamba unataka aina ya kichaka isiyotambaa. Zipo pia aina zinazozaa bila chavua, hizo zingekufaa huko juu.

Matunda yakianza kunenepa, adui atakayekuja ni nzi wa matunda. Hutoboa tunda changa akatia mayai, utaona kidonda kidogo kinachotoa utomvu, ukipasua ndani mna funza. Siku mbili tatu baada ya kupaka chavua, ua likishanyauka, livike tunda mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi. Lililotobolewa usilitupe hapo chini, funza watashuka udongoni wakatoka nzi wengine. Litie kwenye mkebe wenye kifuniko, uanike juani siku kadhaa. Dawa ya mwarobaini inasaidia kwa vidukari na nzi weupe, lakini nyunyiza jioni, nyuki wakishaondoka.

Chuma zikiwa na urefu wa sentimita 15 mpaka 20. Ukiacha moja ikue iwe kubwa, mmea unahamishia nguvu kwenye mbegu na kuacha kuzaa, basi pitia kila siku, kata kwa kisu, usivute. Kwa mama, tui jepesi, kitunguu na ndimu vinatosha, isipikwe muda mrefu. Ila kabla ya kupika onja kipande kibichi. Zukini ikiwa chungu, iteme na uitupe yote, usijaribu kuufunika uchungu kwa viungo. Uchungu ule unaumiza tumbo vibaya, na kuchemsha hakuuondoi.