Treina ya dhahabu inakatisha mchezo tukicheza wawili

Mkazi wa Chikongola, Mtwara
Shikamooni wakubwa. Mimi na mdogo wangu hucheza gemu la vita la Age of Empires II, toleo la mwaka 1999, kwa kompyuta mbili tulizoziunganisha kwa waya. Nikicheza peke yangu, treina (programu ndogo ya kudanganyia gemu) niliyopewa kwenye flashi hunijazia dhahabu bila shida, lakini nikiiwasha tukiwa wawili mchezo hukatika na kudai kwamba kompyuta zetu haziendi sambamba. Je, ipo treina nyingine inayokubali? (Mdogo wangu hajui, naomba mnisitiri.)

Fundi, Lindi
Marahaba. Treina yako ni nzima. Kazi yake ni kupekua kumbukumbu ya kompyuta mpaka ipate mahali palipowekwa idadi ya dhahabu yako, kisha kuandika idadi nyingine juu yake. Ukiwa peke yako, hakuna wa kuibishia. Mkiwa wawili, gemu hilo, lililotengenezwa enzi za modemu za simu, halisafirishi hali ya kila askari. Kila kompyuta huendesha vita vyote yenyewe, na kinachopita kwenye waya ni amri tu. Kwa hiyo ukijiandikia dhahabu 9,999, kompyuta ya mdogo wako bado inakuhesabia 100 zako, na ukiagiza wapanda farasi wawili wa dhahabu 75 kila mmoja, kwako watatoka wawili na kwake mmoja. Hapo vita vimekuwa viwili, na gemu husimama.

Mchezaji, Masasi
Inayopita ni treina ya kufunua ramani, kwa kuwa haigusi hesabu yoyote: kompyuta yako inajua tangu mwanzo majeshi ya mwenzako yalipo, na lile giza linalofunika ramani ni pazia tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo chafu kuliko zote. Msimu mzima wa korosho nilifungwa na jamaa mmoja kwenye banda la gemu, kila nikivizia msituni namkuta amekwisha kupanga mikuki, nami nikamsifu kwa akili.

Fundi, Lindi
Kama shida ni dhahabu, kabla ya kuanza chagueni rasilimali nyingi za kuanzia. Kompyuta zote mbili zitahesabu sawa.

Mkazi wa Chikongola, Mtwara
Nashukuru, lakini hizo na yeye atazipata.