Diski ya 5400 au ya 7200 kwa DVR ya dukani: ipi itastahimili joto?

Muuza_Sangara: Wakuu, nataka kununua diski ya TB 4 kwa ajili ya DVR, mashine inayorekodi picha za kamera, ya duka langu Kirumba, Mwanza. Nimeonyeshwa mbili: ya kamera, inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na ya kompyuta ya kawaida ya 7200, ambayo bei yake ni nafuu. Ipi itadumu?

Fundi_Nyegezi: Ndugu, hujasema una kamera ngapi, DVR imekaa wapi wala diski ya sasa inasoma nyuzi ngapi za joto. Watengenezaji wengi huruhusu hadi nyuzi 60 hivi za Selsiasi, lakini hilo ni joto la diski yenyewe, si la chumba.

Muuza_Sangara: Imo kwenye kabati la mbao chini ya kaunta. Nyuzi sijapima.

Binti_Ukerewe: Chukua ya 5400. Ofisi niliyofanyia kazi Igoma iliweka ya 7200 katika kabati kama hilo, juu ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ambayo nayo ilikuwa ikitoa joto. Kila alasiri diski ilipita nyuzi 55, sekta mbovu, yaani sehemu za diski zisizosomeka, zikazidi kuongezeka, na wizi ulipotokea tukakuta picha zimekatika pale pale mwizi alipokuwa akiingia. Muuzaji alikataa kuibadilisha, na sababu hakuitaja.

Hesabu_Tupu: Pole dada, lakini kisa kimoja si ushahidi. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliohusisha diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa zilizofanya kazi katika ubaridi ziliharibika zaidi kuliko zile za vuguvugu, na kwamba madhara ya joto kali yalijitokeza hasa kwa zilizofikisha miaka mitatu.

Fundi_Nyegezi: Hizo zilikuwa kwenye kumbi zenye viyoyozi, kaka, si kabatini Kirumba. Uchunguzi wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Rutgers wa mwaka 2016 uliona unyevu wa hewa ukidhuru kuliko joto, na sisi tuko kando ya ziwa.

Mjasiri_Kapripoint: Hamieni SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka.

Fundi_Nyegezi: Kurekodi usiku na mchana huzichosha chipu zake, na bei ya TB 4 unaijua. Mimi ningetoboa kabati na kufunga feni kabla ya kununua chochote.

Muuza_Sangara: Kabati ni la mwenye nyumba, hataki litobolewe.

Binti_Ukerewe: Basi itoe DVR nje. Hata hiyo feni, wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, itawavuta wote ndani.

Hesabu_Tupu: Weka wavu mwembamba.

Fundi_Nyegezi: Wavu ukiziba, hewa haipiti. Muuza_Sangara, kamera ni ngapi? Bado hujajibu.